Harusi Iliyokwama Kwenye Kompyuta

Wajukuu wangu huniuliza mbona babu yao hayumo kwenye filamu ya harusi ya kitinda mimba wangu. Hayumo kwa sababu alikuwa mgonjwa. Lakini hilo si lililoniuma. Lililoniuma ni kwamba hata kuiona hakuiona, na kuiona ndiyo haja pekee aliyobaki nayo duniani.

Harusi ilikuwa Mwanza. Mume wangu ujana wake aliuacha kwenye mashimo ya dhahabu Sekenke, akarudi na vumbi la mawe kifuani. Basi la Mwanza lilikuwa lazima lipite mlima uleule wa Sekenke, na barabara yenyewe siku hizo ilikuwa vumbi tupu. Daktari alimwambia asithubutu. Mimi nilimwambia hivyohivyo, kwa sauti kubwa kuliko daktari, nikabaki naye Singida. Watu walinisema sana. Mama gani huyo asiyemtoa binti yake? Waliniudhi, lakini mume ni wangu na kifua ni chake, wao walikuwa wapi akikohoa?

Tukamtuma mwanangu wa tatu aende na kamera. Huyu ndiye aliyesoma. Nasema kwa majivuno wala sioni haya: mimi niliachia darasa la pili, kusoma nikamalizia ukubwani, lakini nimezaa mtu anayepasua kompyuta kama ninavyopasua kuku, na akaifunga tena ikafanya kazi. Alikuwa Dar es Salaam, anapiga picha za harusi na kuzipanga ziwe filamu. Zile foleni za sukari za miaka ya uhaba tulikuwa tumeshazisahau, maduka yamejaa vitu vya nje, na kijana mwenye kompyuta ya mtumba aliweza kula kwayo. Harusi ilipokwisha akaenda kwanza Dar kuichukua mashine yake, akaja nayo kwenye basi ameipakata kama mtoto mchanga. Alisema kazi ataimalizia hapahapa nyumbani, baba yake awe wa kwanza kuona.

Tuliiweka kwenye kona ya sebule, kwenye soketi. Kioo kikakaa juu ya meza. Lile boksi lenye injini likaenda chini ya meza, likasukumwa hadi karibu na ukuta, watoto wasilipige teke.

Wiki hiyohiyo tetea wa mume wangu alichagua kona ileile kulalia mayai. Kwetu kuku ni watu wa ndani, hakuna aliyeshangaa. Alijibana nyuma ya boksi, pale panapotoka joto. Mzee alifurahi kama kapata mjukuu. Alisema wale vifaranga watakuwa wakubwa binti akija na mumewe kutusalimia, na mkwe atachinjiwa. Akachukua gunia, akalitundika kuanzia mezani hadi ukutani, kuku apate giza. Kisha akatuonya sote: kuku anayelalia hasogezwi. Ukimsogeza anasusa. Hilo hata mtoto wa Mnyaturu analijua.

Kazi ya filamu ilikuwa hivi. Mwanangu alikata picha, akaziunga, halafu mwishoni mashine iachwe yenyewe izichanganye zote ziwe kitu kimoja. Mimi niliita kupika. Kule Dar harusi nzima ya mteja ilipikika kati ya chakula cha mchana na jioni. Kwetu iliwekwa asubuhi, jioni ikawa haijafika hata kanisani, kisha ikaganda.

"Baba, mashine inasumbua," mwanangu akasema.

"Inaumwa nini?"

"Sijui. Nimeipa mtihani."

Akatueleza kwamba kuna programu ya kuipima kompyuta nguvu. Inapewa mahesabu mengi, mwishoni inapata alama. Dar ilipata alama nzuri. Hapa ilipata chini ya nusu yake.

"Ilifaulu Dar ikaja kufeli Singida?" mume wangu akacheka mpaka akakohoa. "Basi ni kijana wa mjini hiyo. Ipe ugali wa mtama."

Mwanangu hakucheka. Alitafuta virusi. Akafuta kila kitu kilichomo isipokuwa harusi, akaipanga upya. Akabadilisha vipande vya kumbukumbu. Kila asubuhi mashine iliamka vizuri, inakimbia, na uji ukishanywewa tu imeanza kujikokota.

"Sasa hiyo ni mimi kabisa," mzee alisema. "Alfajiri mzima, saa nne nimekwisha."

Mwanangu akaipeleka kwa fundi mjini. Kule ikafanya kazi kama haijawahi kuugua. Fundi akamwambia, "Kaka, mashine nzima hii. Ni umeme wa kwenu." Kijana akanunua stabilaiza ya kutuliza umeme, akairudisha chini ya meza taratibu, asimshtue kuku, akashusha gunia. Ikajikokota vilevile.

Jirani yangu, mwanamke wa ng'ambo ya njia, akaja na lake. "Dada, msizunguke. Kuna mtu kaitazama kwa jicho baya."

"Kama ni jicho ni lako," nikamwambia. "Wewe ndiye unayekuja kuitazama kila siku."

Akacheka, akanywa chai yangu, na kesho yake akaja tena.

Siku moja mwanangu alimwona baba yake amekonda mno. Akapiga magoti karibu na kiti chake. "Baba, nikuonyeshe japo vipande. Vimo humu, vinaonekana kwenye kioo. Utamwona anavyoingia."

Mzee akamkazia macho. "Mimi baba wa binti, niione harusi ya mwanangu kwa kuchungulia vipande? Wazee wenzangu watakaa hapa, pilau itaiva, tutaiona yote tangu mwanzo. Mwanangu hakuolewa kwa vipande."

"Mzee, tazama," nikasema. "Tazama tu kidogo."

"Mama watoto, nyamaza. Nitasubiri."

Alikuwa mtu wa hivyo. Heshima kwanza, pumzi baadaye. Nilimpenda kwa hilo, na siku ile nilimchukia kwa hilo.

Hakusubiri sana. Kifua kilimbana, tukamkimbiza hospitali, na asubuhi moja nilipomletea uji nikakuta wamemfunika uso. Uji ule niliumwaga mwenyewe kwenye ua wa hospitali. Sikumpa mtu.

Nyumbani, kama ilivyo desturi, sebule iliachwa wazi. Wanawake walitoa viti, kabati, meza, kila kitu, ili mikeka itandikwe na wafiwa wapate pa kukaa. Kuku akanyanyuliwa akatiwa kwenye tenga pamoja na mayai yake. Kompyuta ikapelekwa kwa jirani yule wa jicho, ikawekwa mezani, kwa sababu mwanangu alitakiwa kuandika wasifu wa marehemu usomwe makaburini.

Kabla hajaanza kuandika, aliigusa ile kazi iliyokuwa imeganda, akaiambia iendelee. Alifanya tu kwa mazoea. Akaandika baba alizaliwa wapi, alichimba wapi, ameacha mjane na watoto wangapi. Mwili haujatoka hata hospitali, na harusi ikawa imeiva.

Akaipa mtihani. Alama zikarudi zilezile za Dar.

Nilimwona akivuka ua mzima, anapita katikati ya waombolezaji bila kumsalimia mtu. Aliingia sebuleni, akasimama kwenye ile kona tupu. Sakafuni kulikuwa na manyoya na majani makavu, na gunia limelala juu yake. Akaniita mlangoni.

"Mama, umeme wa jirani na wetu ni nguzo moja."

"Sasa?"

"Haukuwa umeme. Ilikuwa inakosa hewa. Inapumulia nyuma, feni inatupa joto nje. Tuliiziba na kuku na gunia. Ikipata joto inajipunguzia mwendo isiungue." Akashika kichwa. "Kila siku namwona yule kuku, mama. Kila siku nampisha."

Nilimwambia anyamaze, watu wanasikia. Aliyetundika gunia tulikuwa tunakwenda kumzika. Kuku naye alisusa. Mayai yalipoa kwenye tenga, nikayafukia nyuma ya choo.

Matanga yalipokwisha, wale wazee wenzake walikuwa bado wapo, na binti yangu alikuwa amekuja na mumewe. Mwanangu akaniuliza kwa sauti ndogo kama aiwashe. Nikasema aiwashe. Pilau haikuwepo.

Kwenye filamu, baba yao mdogo ndiye aliyesimama mahali pa baba, kama tulivyomwagiza. Lakini nilikuwa nimesahau koti. Mume wangu alimpa mdogo wake koti lake la kijivu avae siku hiyo, akalipiga brashi mwenyewe, akisema yeye hatakwenda lakini koti litakwenda. Nalo likaonekana, linaingia kanisani polepole, na mkono wa binti yangu umeshika kiwiko chake.

Mzee mmoja asiyeona vizuri akauliza, "Huyo si mwenyewe?"

Binti yangu akainuka akatoka nje, na mumewe akamfuata.

"Rudisha nyuma," nikamwambia mwanangu. "Pale pa koti."

Akarudisha. Mashine haikujikokota hata kidogo. Lilipopita nikamwambia arudishe tena.