Pingu Mbili kwa Fundi Nondo

Kituoni walimwita Sajenti Mfupi, naye hakuona ubaya. Alikuwa na miaka ishirini na miwili kazini, mume fundi cherehani, na mabinti wawili waliokwisha kumpita kimo. Kila akirudi nyumbani, mume wake alimkagua sare kabla ya kumjulia hali. "Vifungo vyote vipo," angesema. "Basi leo mlikamata watu wastaarabu."

Siku waliyomkamata Nondo vifungo viwili vilipotea na mdomo wa Sajenti ukapasuka, lakini ukimuuliza siku anayoipenda kuliko zote kazini, atakutajia hiyohiyo.

Nondo alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, pande la mtu, na jina hilo alipewa na wateja wake. Aligombana na jirani kuhusu ukuta uliokuwa kati yao, na ngumi moja ikamvunja jirani taya. Mahakama ilimwita mara mbili, hakwenda. Mara ya tatu hawakumwita, wakatoa hati ya kumkamata, na hati hiyo ikaangukia mezani kwa Sajenti.

Alikwenda na dereva na Koplo. Koplo alikuwa mrefu, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa hasira. Bado wako garini, rungu limeshakuwa mkononi.

"Afande, mtu kama yule humpi nafasi. Unamwingilia moja kwa moja."

"Karakana ile ina mitungi ya gesi," Sajenti akasema. "Ukimwingilia moja kwa moja, utatoka umebebwa moja kwa moja. Rudisha rungu kiunoni."

Walifika saa nne asubuhi. Mlangoni malango mapya yalikuwa yameegemezwa ukutani, mengine hayajapakwa rangi. Nondo alipowaona alizima moto, akavua miwani yake myeusi, akaokota kipande cha bomba chenye urefu wa mkono.

Koplo alipiga hatua. Sajenti, bila hata kugeuka, akamshika mkanda kwa nyuma. Aliwaomba wateja wawili waliokuwa ndani watoke, akamwambia dereva afunge mtungi wa gesi kisha asimame mlango wa nyuma, na kwa Koplo akanong'ona kwamba mtu wa kuzungumza ni mmoja tu. Kisha akasimama ng'ambo ya meza ya kazi, meza nzito ya chuma ambayo hata Nondo asingeiruka kirahisi.

"Habari za kazi, fundi."

"Mimi sina kesi na polisi."

"Kweli. Kesi yako iko mahakamani. Mimi nimeleta karatasi."

"Sitoki hapa."

"Sawa, sina haraka. Lile lango la maua ni la nani?"

Nondo alitupa jicho upande ule, kama mtu asiyetaka kujibu. "La mwalimu mmoja. Analitaka Ijumaa."

"Limekaa vizuri. Ukiondoka leo nani atalimaliza?"

Nondo alilitazama lango tena. Jasho lilimtiririka shingoni. Sajenti akavuta kigoda kwa mguu, akaketi, meza ikiwa bado katikati yao. Alimweleza kilichoandikwa kwenye hati, neno kwa neno, na kwamba mbele ya hakimu atapata nafasi ya kusema yake. Akamwambia kama yupo wa kumwachia kazi, ampigie simu, wao watasubiri. Dakika arobaini zilikwenda hivyo. Koplo alihema pembeni kama birika. Mwishowe Nondo akampigia shemeji yake, wakaelewana kuhusu lango, akaliweka bomba chini.

Sajenti akazunguka meza. "Nitakushika mkono wa kulia, kisha nitakufunga pingu. Sitakuumiza."

Pingu ya kwanza ilifunga vizuri. Alipoanza kuuvuta mkono wa kushoto nyuma, Nondo alinguruma akajipindua kwa nguvu zake zote. Sajenti alirushwa kama kitambaa, mdomo ukagonga ukingo wa meza, lakini mnyororo hakuuachia. Pingu iliyofungwa upande mmoja ni ndoano, ikizungushwa inaweza kumtoa mtu jicho.

"Miguu," akasema.

Koplo akaifagia miguu ya fundi, dereva akaja mbio akaudaka mkono wa kushoto, wote wanne wakaenda chini. Kwa muda hapakusikika kitu ila pumzi na vyuma vikianguka. Koplo alikuwa ameweka goti katikati ya mgongo wa Nondo.

"Toa goti mgongoni. Weka begani." Koplo akalihamisha. "Fundi, mkono huu una nini?"

"Haurudi nyuma," Nondo akasema, shavu likiwa sakafuni. "Ulivunjwa."

Sajenti alimwomba dereva pingu zake. Akaziunganisha na zile za kwanza, ili mikono ifungwe ikiwa imeachana na bega lisivutwe. Zilipofunga, akausikia mwili wa yule bwana ukilegea wote. Lakini damu ya Koplo ilikuwa bado inachemka, na rungu lilikuwa juu.

"Koplo. Ameshafungwa."

Rungu lilibaki hewani kidogo, kisha likarudi kiunoni. Wakamlaza Nondo ubavu, wakamketisha, wakampa maji. Sajenti akamuuliza kama anapumua vizuri, akangoja mpaka apate jibu.

Garini Nondo alisema bila kuulizwa. "Miaka tisa iliyopita nilikamatwa nikifananishwa na mtu mwingine. Walinivunja mkono nikiwa nimeshafungwa pingu. Leo niliposikia ule mlio wa pingu, dada, sikukuona wewe tena."

Koplo aliangalia nje ya dirisha. Sajenti alijifuta damu mdomoni, akasema, "Hilo nalo nitaliandika."

Mchana mama yake Nondo alifika kituoni. Aliomba amwone mwanawe, akamgeuza uso kwenye mwanga, akapitisha vidole mbavuni, akainua shati mbele na nyuma kama mtu anayenunua kitambaa asiyemwamini muuzaji. Kisha akamtazama Sajenti.

"Nani kakupiga, mwanangu?"

"Meza, mama."

"Na huyu?"

"Huyu hakupigwa."

Mama akaketi kwenye benchi, akacheka taratibu hadi machozi yakamtoka. "Basi leo aliyeumia ni polisi." Nondo akainamisha kichwa kwa haya, jitu zima.

Mkuu wa kituo alisoma ripoti akauliza dakika arobaini zote zilikuwa za nini. "Za kuongea, afande," Sajenti akajibu. "Ningemvunja mkono, tungeandika barua mwaka mzima." Koplo aliweka saini bila kubadilisha mstari. Nondo alimwomba jirani radhi mbele ya hakimu, akapewa kifungo cha nje na kuamriwa ajenge ukuta upya. Malalamiko ya ule mkono wa zamani yalifunguliwa jalada, na mpaka leo yanaendelea, polepole.

Mwaka uliofuata Sajenti alihamishiwa chuoni kufundisha ukamataji. Koplo aliomba mwenyewe aende kumsaidia. Somo la kwanza, kila mwanafunzi hulala kifudifudi, mikono nyuma, mwenzake amemwekea goti mgongoni, mpaka filimbi ilie. Koplo ndiye aliyeanza kulala.

"Zilikuwa dakika ngapi?" Sajenti akawauliza walipoinuka.

"Tatu, afande," akasema mmoja, bado anatafuta pumzi.

"Sekunde thelathini."

Wengine walicheka, wengine walijishika vifua. Koplo alikuwa akijipangusa vumbi. "Mimi nilihesabu dakika nne," akasema.

Sajenti Mfupi alitabasamu, akawapa muda wa kunywa maji. "Haya, badilishaneni," akawaambia, na kupuliza filimbi.