Nyayo Nyekundu Kutoka Kwenye Lifti

Wadau, mimi niliona nyayo za mtoto, nyekundu kama damu, zinaingia kwenye mlango wa mtu. Za kutoka hakuna hata moja.

Na mwanangu alikuwa hajulikani alipo.

Ilikuwa jioni, nimetoka soko la Yide Lu, huku China, na mafurushi ya midoli, mimi na Agape wangu wa miaka minne. Kufika ghorofani kwetu, mtaa wa Xiaobei, nikatoka kwenye lifti kuvuta mzigo. Kugeuka, mlango umejifunga. Lifti hiyoo, imeondoka na mtoto!

Nikashuka ngazi mbio hadi barabarani. Mlinzi Mchina akatikisa kichwa, "Meiyou, meiyou," yaani hayupo.

Nilichanganyikiwa, jamani. Nikarudi juu ghorofa kwa ghorofa, naita, nalia. Liévin, Mkongomani wa kargo, akatoka kwake tukatafuta wote.

Ndipo tukaziona zile nyayo. Mbichi, zinaanzia kwenye lifti, zinanyooka hadi mlango wa mwisho wa korido. Kwa yule mama wa Kihindi ambaye sikuwahi kumsalimia.

"Mama Agape, usiingie mule," Liévin alininong'oneza. "Ile ni damu, naapa, je te jure. Tuite sentinelle."

Lakini kama mwanangu yumo, nimsubiri mlinzi wa nini?

Mlango ulikuwa wazi. Moshi wa udi, vitaa sakafuni, sanamu ya mwanamke mwenye mikono minne. Majirani Wachina wamekaa wananitazama. Na katikati yao Agape, chali kwenye mkeka, amefumba macho, nyayo zimejaa wekundu.

Nikapiga ukelele. "Mmemuua mwanangu!"

"Taratibu dada, utamwamsha," mwenye nyumba alinijibu.

Kiswahili! Tena cha Tanga, kimenyooka kuliko changu.

"Alilia, masikini. Nikampa ladu, kitamutamu chetu cha sikukuu, akala, akasinzia. Nilikuwa najiandaa kumpeleka kwa mlinzi."

Bi. Kokila, mzaliwa wa Tanga. Siku hiyo ilikuwa Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu. Nyayo alizichora mwenyewe kwa unga mwekundu uliokorogwa kwa maji, za Lakshmi, mungu wao wa kike, akiingia nyumbani. Ndiyo maana hazitoki.

"Zamani nilizichora kizingitini tu," alisema. "Mwaka huu nikaanzia kwenye lifti, ili kila anayepita ajue amekaribishwa."

Agape akafumbua macho. "Mama, nilipotea. Nikakanyaga miguu, ikanileta."

Nililia upya. Liévin, yule wa damu, alikuwa ameshafika kwenye sahani ya ladu.

Mimi Mkatoliki, na Jumapili nilikwenda misa kama kawaida. Lakini siku ile milango yote ya jengo ilikuwa imefungwa, na wangu ukiwemo. Mlango uliompokea mwanangu ni ule ule niliouogopa.

Kagonge kwa jirani yako leo, msalimiane. Usisubiri mpaka mtoto akupotee.