Mbwa wa Betri na Mikono ya Mjomba

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa fundi redio mjini Shinyanga, kazi niliyojifunza mwenyewe vitabuni. Mjomba wangu, mfugaji aliyekwenda kuchimba dhahabu Bugarama, aliporomokewa na shimo. Alifukiwa hadi shingoni, mikono imebanwa. Hospitalini walimlaza katika chumba cha wagonjwa mahututi, mpira wa kutoa damu ukiwa kifuani. Kila alipozinduka alishikwa na hofu, akauvuta. Mara mbili aliuchomoa.

"Akiuchomoa tena tunamfunga mikono kitandani," muuguzi aliniambia.

"Sista, huyu ametoka kufungwa na udongo."

"Basi nionyeshe njia nyingine, fundi."

Kule nyumbani, mjomba akiwa na wasiwasi, alizoea kuweka kiganja ubavuni mwa ng'ombe aliyelala, akifuata pumzi yake hadi atulie. Ng'ombe haingii wodini. Nikanunua dukani kwa Mhindi mbwa wa kuchezea, wa manyoya na betri.

Kosa langu ni kumpeleka kama alivyotoka dukani. Alitembea kitandani akibweka, mjomba akashtuka nusura aanguke.

"Mwondoe mbwa wako!" muuguzi alifoka. "Na manyoya hayo yasirudi humu."

Karakanani nilikata waya wa spika, nikang'oa miguu, nikaiacha mota isukume tumbo tu. Kwa betri mpya lilikwenda mbio, kama la mnyama anayefukuzwa. Nikajaribu betri zilizochoka, nilizotoa kwenye redio za wateja. Likapanda na kushuka taratibu. Nikamvua manyoya, nikamvisha flana iliyochemshwa, nikarudi naye wodini.

Mjomba alipokiona kile kitu chini ya kiganja chake aliuliza ni nini.

"Mashine, mjomba. Nimeitengeneza mimi."

Akakipapasa. "Ndama wako hanuki," akasema.

Muuguzi alisimama pale na bendeji alizokwisha kukata za kumfunga mikono. Mkono wa mjomba ulinyanyuka kuelekea kifuani, ukasita, ukarudi kwenye flana. Pumzi yake ikaanza kufuata mwendo wa tumbo lile. Akasinzia.

"Betri zikiisha?" muuguzi akanong'ona.

"Zilishaisha, sista. Ndiyo maana zinafaa. Nina kikapu kizima."

Akacheka, akaenda na bendeji zake kwa mgonjwa mwenye kidonda.

Nilibadilisha betri asubuhi na jioni. Siku ya tano mpira ulitoka kifuani, na aliyeutoa alikuwa daktari.