Matanga ya Mtu Asiye na Sebule

Habari za kifo cha baba nilizipata siku ya nne, nikiwa kwenye kibanda cha simu nje ya kituo cha petroli huko Crystal, mji mdogo wa Amerika. Nilikuwa nimeshuka kutoka kaskazini, kwenye mavuno ya vile viazi vya kutengenezea sukari, na kila nilipofika mahali penye simu nilikuwa na desturi ya kumpigia mdogo wangu.

"Uko wapi?" aliuliza kabla ya salamu. "Tunakutafuta tangu Alhamisi. Baba ametutoka."

"Mmenitafuta wapi?"

"Hiyo ndiyo shida, kaka. Tukutafute wapi?"

Nilikuwa na mwaka wa sita ndani ya trela, kijumba cha bati chenye ekseli moja nilichokivuta kwa pikapu. Shule niliiacha darasa la saba, lakini hamu ya kujua mambo haikuniacha. Nilitaka kuona mto unaotiririka kwenda kaskazini, nikaenda nikauona. Nilitaka kujua chumvi inachimbwaje chini ya ardhi, nikafanya kazi miezi mitatu karibu na mgodi ili niwaulize wachimbaji. Watu waliniambia nina bahati, silipi kodi ya nyumba. Kodi nililipa, ila kwa vipande. Uwanja wa kuegesha unalipiwa kila siku. Gesi ya kupasha joto huisha pale baridi inapokaza. Beringi ikisagika katikati ya safari, fundi anatazama namba ya gari ya jimbo la mbali, anajua huna pa kwenda, anataja bei anayotaka. Kazi za msimu zilinilisha mimi na trela, na trela ndilo lililokula kwanza.

Mchana ule ule nilikwenda kwa mdogo wangu, Saint Louis Park, mji wa jirani. Viatu vilikuwa vimejaa kwenye korido mpaka mlango wa jirani. Watu walikuwa wametoka kanisani, wengine wamevaa sare za hospitali wakisubiri saa ya shifti, na kila aliyeingia alimshika mdogo wangu mkono na kumwambia pole, mwenye msiba. Bwana mmoja alinisogezea nafasi kwenye zulia.

"Na wewe unaishi jengo hili hili?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mimi ni mtoto wa marehemu."

"Aa! Pole sana. Mdogo wake huyu?"

"Mkubwa wake. Mimi ndiye kifungua mimba."

Alitazama soksi zangu, zilizokuwa na tope la mashambani, kisha akatazama pembeni.

Kwetu Taita, matanga hukaa nyumbani kwa mkubwa. Baada ya maombi nilisimama nikasema hivyo, kwamba kesho waje kwangu. Aliyeongoza kikundi chao cha kusaidiana alikuwa mama mmoja muuguzi, mnene, mcheshi, ambaye wote walimwita Anti.

"Kwako ni wapi, baba?" aliuliza.

"Crystal. Nina trela."

"Linaingiza watu wangapi?"

"Wanne. Watano wakibanana."

"Basi tutaomba kwa zamu, kama kliniki," mtu alisema kutoka jikoni.

"Na siku ya Anti aingie peke yake!"

"Mwili wangu uacheni," Anti akajibu. "Huu nimeulisha kwa jasho langu."

Watu wakacheka. Kwenye matanga kucheka kunaruhusiwa, na mimi nilicheka nao. Lakini matanga yalibaki pale pale.

Mchango ulitosha tiketi moja ya ndege ya kwenda nyumbani kuzika. Anti aliuliza nani aende, na macho yote yakamgeukia mdogo wangu. Nikasema mkubwa ndiye anayetupa udongo wa kwanza, kwa hiyo nitakwenda, na tiketi yangu nitanunua mwenyewe.

"Kwa pesa gani, kaka?" mdogo wangu aliuliza. Hakuuliza kwa dharau. Aliuliza kwa upole, na upole wake uliniuma zaidi.

"Nitauza trela."

Asubuhi nililipeleka kwa mzee mmoja anayenunua trela kuukuu. Hakutazama jiko wala kitanda. Alifunua mkeka karibu na sinki, akabonyeza sakafu kwa kisigino, na ubao ukazama kama mkate kwenye chai. Majira ya baridi yaliyopita bomba liliganda likapasuka, na mimi nilitandika mkeka juu nikaendelea na safari. Alitaja bei. Niliingia kwa wakala wa tiketi nikauliza pesa hizo zinanifikisha wapi.

"Amsterdam," yule dada alisema, akidhani natania.

Wanunuzi wengine wawili walitoa pungufu ya hapo. Pikapu ilikuwa kuukuu kuliko trela, haikuwa na wa kuinunua. Jumatano mdogo wangu akaondoka.

"Nitawaambia ulizuiwa na kazi," aliniambia akifunga sanduku.

"Waambie ukweli."

"Ukweli upi, kaka?"

Nilimbebea sanduku mpaka mlangoni.

Alirudi baada ya mwezi na kaseti ya video ya mazishi. Watu wale wale wakaalikwa kuja kuitazama, kama ilivyokuwa kawaida siku zile. Tuliona jeneza likishushwa, tukaona milima yetu nyuma ya umati. Kisha msimamizi wa shughuli akashika kipaza sauti, karatasi mkononi: "Sasa tunamwita kifungua mimba wa mzee, aliyetoka Amerika."

Mdogo wangu akasogea mbele, suti nyeusi, akainama, akachota udongo.

Sebuleni hakuna aliyeshtuka. Wengi walikuwa wamezoea kumwona yeye kuwa ndiye mwenye msiba.

"Anti," nilisema, "hebu rudisha nyuma kidogo."

Akarudisha. Yule mtu akasema tena maneno yale yale.

Mdogo wangu alikuwa amesimama mlango wa jikoni na sinia la vikombe. "Walitangaza tu, kaka. Ningebishana nao kaburini?"

"Karatasi aliiandika nani?"

"Baba mdogo."

Baba mdogo ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli. Hangeweza kusahau nani alitangulia kuzaliwa.

"Jina langu lilikuwa sehemu gani?"

"Sikuliona," alisema. Akaweka sinia mezani, akaanza kugawa chai, wageni kwanza. Kikombe cha kwanza alinipa mimi.