Aliyelamba Mwezi Kwenye Karai

Haya niliyaona mwenyewe, hapa Kyuso, nikiwa na akili timamu. Kazi yangu ni kutangaza bei ya ndengu redioni. Nikidanganya napata faida gani?

Jioni ile mwezi ulitarajiwa kupatwa. Huku kwetu hakuna taa za mji, anga lote ni lako, kwa hivyo nilienda kwa shangazi aliyenilea tuutazame pamoja. Nikamkuta uani, amemimina maji ya kunywa kwenye karai.

"Shangazi, karai ni la kutazamia jua likipatwa. Mwezi hauchomi macho."

"Macho ni yako?" akanijibu. "Wewe tangaza ndengu."

Tukainama juu ya karai. Ilipokaribia saa tatu, mwezi ukiwa mwekundu ndani ya maji, mwanamke mzee aliingia bila hodi. Hatukumjua. Akaomba maji. Shangazi akaenda jikoni kuleta kikombe.

Yule hakungoja. Alipiga magoti, akatoa ulimi. Niamini, ulikuwa wa kijivu, mrefu kama wa ng'ombe, wenye utando. Akalamba. Kila alipolamba, kipande cha mwezi kilitoweka majini. Niliinua macho: juu ulikuwa mzima, mwekundu vilevile. Ute ulining'inia kutoka kidevuni hadi kwenye karai, ukinuka kama matumbo ya mbuzi yaliyoshinda juani. Mwezi ulipokwisha majini, alijipangusa kwa kiganja, akasema, "Umeiva," akaondoka.

Shangazi aliporudi nilimweleza yote, nikashika karai niyamwage maji.

"Umwage maji?" Alininyang'anya. "Nimechimba mchanga wa mto mkavu tangu alfajiri kuyapata! Mkamba gani humwaga maji eti mgeni ameyanywa? Yatachemka."

Ningebishana na aliyenilea? Akachuja ule ute kwa leso, akapika chai. Yangu niliimwaga nyuma ya choo. Yeye alikunywa vikombe viwili, akaisifu utamu.

Tangu hapo, kila mwezi mpevu, majirani humkuta kwenye hori la kunyweshea ng'ombe, amepiga magoti, analamba. Juzi nilimshika mkono nimwinue. Alinigeukia, ute kidevuni, akaniuliza kwa upole, "Umekula, mwanangu?" Nilitapika mbele yake.

Mwezi utapatwa tena. Utazame juu, kwa macho yako. Na mtu akiulamba kwenye maji yenu, yamwage, hata kama ni ya mwisho, hata kama mwenye nyumba ni mama yako. Mimi nilikuwa na adabu.