Laptop Iliyolala Mpungani

Kwetu bonde la Kilombero, kitu cha thamani hufukiwa kwenye mpunga. Mayai husafirishwa humo yasivunjike, ndizi huivishwa humo, na shangazi yangu alificha humo vitenge vyake vipya mpaka akavivaa harusini vikinuka ghala. Kwa hiyo masika yale, paa la nyumba yetu ya Kibaoni, Ifakara, lilipoanza kuvuja, mama hakuuliza mtu. Aliichukua laptop yangu, akaifunga kwenye khanga, akaizamisha katikati ya gunia la mpunga na kulishona mdomo. Mimi nilikuwa vijijini kikazi. Niliporudi nilimkuta anajisifu kwamba hata tone halikuigusa.

Ni kweli, mvua haikuigusa. Lakini mpunga ule uliingizwa guniani kabla haujakauka vizuri, ukapata joto, ukatoa jasho. Nilipoifungua laptop, punje zilidondoka kutoka chini ya vitufe na vumbi la makapi likanipaliza. Nikaiwasha, haikuwaka. Nilinuna wiki nzima.

"Mtu mzima ananunia sahani," mama akasema.

Aliiita sahani tangu siku ya kwanza, kwa kuwa ilifunguka kama sahani mbili zilizofunikana na ndani hamna chakula. Niliachiwa na mtafiti mmoja mgeni ambaye nilikuwa namwingizia takwimu zake za mbu na homa. Alipopata mpya, hii akaniambia nibaki nayo. Ilikuwa kuukuu tayari, nzito kama tofali, lakini ilikuwa na kitu ambacho kompyuta za ofisini kwetu hazikuwa nacho: spika na maikrofoni. Zile za ofisini zilizaliwa bubu.

Kabla ya masika yale niliwahi kwenda nayo shambani. Nilikwenda kutamba tu, sina haja ya kuficha. Ulikuwa msimu wa kuamia ndege, mpunga umeanza kuiva na kwelea kwelea wanashuka kwa makundi. Mama alikuwa juu ya dungu, kile kichanja cha miti cha kulindia shamba, na baba kwenye dungu lake kule mwisho kabisa, karibu na majaruba ya jirani. Kwetu ndege hawafukuzwi kwa kelele za hovyo. Huku mtu anaita, kule mwenzake anaitikia, na ndege wanasukumwa kutoka sauti hadi sauti mpaka watoke. Asiyeitikia amelala, na ndege wote watamshukia yeye.

Nyumbani, baba na mama walikuwa watu wa maneno machache. Wangeweza kumaliza jioni nzima kwa "chumvi iko wapi" na "funga mlango." Lakini shambani waliitana kutwa, miaka yote ya ndoa yao, na mimi nadhani mazungumzo yao walikuwa wanayamalizia huko. Siku ile, nikiwa na mama juu ya dungu lake, nilibonyeza kitufe cha kurekodi ili nione kama kinafanya kazi. Mama akaita, baba akaitikia. Nikaihifadhi rekodi, muda si mrefu betri ikaisha, nami nikasahau.

Mwaka mmoja baada ya ile sahani kuzikwa guniani, tulimzika mama. Aliugua muda mfupi, hata hatukupata nafasi ya kuogopa. Arobaini ilipopita na ndugu wakatawanyika, baba alikuwa amekaa uani anapiga mswaki wa mti, akaniambia jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kumwambia mtu.

"Sura yake ninayo. Nikifumba macho naiona. Ila sauti imeanza kunitoka."

Mimi pia ilikuwa inanitoka, na nilidhani ni mimi peke yangu. Usiku huo nikaikumbuka ile rekodi, na asubuhi nikaibeba laptop kwenye kikapu cha baiskeli hadi Mlabani kwa fundi wa redio.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Leo umeniletea marehemu?"

Fundi yule alikuwa na mdomo, lakini mikono yake ilikuwa na subira. Aliifungua, akatoa pumba za kutosha kulisha kuku, akaisugua kwa mswaki na spiriti, akaianika kivulini. Ikawaka. Ikaandika maneno meupe kwenye kioo cheusi, ikagoma kuendelea. Mfumo wa kuiendesha ulikuwa umeharibika. Tukakubaliana tuiwekee mfumo mpya, tena tuiongezee memori iliyotolewa kwenye mashine mfu ya ofisini. Sharti langu lilikuwa moja: asifute chochote. Nilisimama nyuma yake akiingiza flopi moja baada ya nyingine, nikilinda faili moja kama mtu anayelinda chungu jikoni.

Faili lilikuwepo. Nilipolifungua, kile kimstari cha kuonyesha muda kikatembea kutoka mwanzo hadi mwisho, na spika haikutoa hata pumzi. Fundi akatafuta, akakuta alama ya manjano: draiva ya sauti haipo. Yaani ile programu ndogo inayoijulisha kompyuta kwamba ina spika na namna ya kuitumia. Diski yake ilikuwa imeondoka na mtafiti, ng'ambo. Na faili lenyewe lilikuwa kubwa, halikuingia kwenye flopi nikalipeleke kwingine.

Sikujua kwamba mtu anaweza kuumizwa na kimstari. Nililifungua faili mara nyingi, nikikitazama kinavyotembea. Mama yumo humo, anaita, na mimi ni kiziwi.

Baba sikumwambia. Niliogopa kumpa tumaini kisha nimnyang'anye. Nilimwomba binamu yangu wa Dar es Salaam, naye akatuma diski ambayo mashine iliikataa, si ya aina yake. Fundi akaifungua tena laptop, akanakili namba zilizoandikwa juu ya kile kipande cha sauti, nikampigia binamu kutoka posta nikimsomea namba kwa kelele, foleni yote ikinisikiliza. Diski ya pili ikaja na basi. Na basi, kwa sababu ilikuwa masika tena, likakwama kwenye tope Mkula. Ningeweza kusubiri. Nikapanda lori lililokuwa linarudi Kidatu kuchukua sukari, nikamkuta kondakta anakula mahindi ya kuchoma kando ya barabara, diski yangu iko mfukoni mwake imefungwa kwenye mfuko wa nailoni.

"Dada, hiki ndicho kilichokutoa Ifakara? Si kingefika tu kesho?"

Nilimjibu kwamba mimi kesho sina.

Siku iliyofuata nilikaa nayo mwenyewe chumbani, mchana. Dirisha lilikuwa wazi, na uani baba alikuwa anachonga mpini wa jembe. Diski ikasomwa, mashine ikajizima na kujiwasha, na safari hii ilipowaka ikatoa mlio wake wa kukaribisha. Nikafungua faili.

Kwanza upepo. Kisha ndege, kelele za ndege wengi. Kisha mama, karibu kabisa, kana kwamba amekaa kitandani kwangu:

"Huuuuu-yaaa!"

Uani, kuchonga kukakoma. Kisha baba akaitikia. Aliitikia kwa sauti yote, ile ya shambani, ambayo sikuwa nimeisikia tangu tulipotoka makaburini. Na wakati huohuo, ndani ya laptop, kwa mbali, sauti yake mwenyewe ya msimu ule nayo ikaitikia. Zikaenda pamoja, zikaisha pamoja. Kisha mama, kwa sauti ya chini, wala hakuwa anasema na mimi:

"Yupo."

Hapo rekodi ikakatika.

Baba alikuja akasimama mlangoni, panga bado mkononi, vipande vya mti vimemganda kwenye shati. Aliitazama ile sahani. Hakuuliza imefanyaje, wala mimi sikuweza kueleza, nilikuwa nalia. Akavuta kigoda, akakaa mbele yake.

"Bonyeza tena," akasema. "Asije akadhani nimelala."