Baiskeli ya Athieno

Nimekosa. Nasema mapema ili msihangaike kunitafutia sababu. Mimi ni mama mtu mzima, mfanyabiashara hapa Busia, na nimemmaliza dada yangu akiwa hai.

Nimwite Athieno. Ni mtoto wa mama mdogo, anaishi Iyolwa, upande wa Tororo. Polio ilimpooza miguu utotoni. Anatembea kwa mikono, patipati amezivaa viganjani, magoti ameyafunga vipande vya tairi. Alikuwa na hamu moja tu: afike kanisani mwenyewe, bila kubebwa mgongoni kama gunia.

Sasa kuna dereva wa mashindano ya magari ambaye kila anapokwenda kushindana huacha msaada kwa wasioweza kutembea. Hutoa baiskeli za magurudumu matatu, zile za kuzungushwa kwa mikono. Jina la mtu wa kwanza kupewa huandikwa kwenye mlango wa gari lake. Mashindano yalipokuja Tororo, mimi ndiye niliyewapikia watu wake. Wakaniuliza waanze na nani, nikamtaja Athieno. Mpaka hapo nilikuwa mtu mwema.

Mngemwona siku ile! Gari lilipita na vumbi lake, jina limeandikwa kwa rangi nyeupe, naye chini pale anapiga makofi kwa patipati zake.

"Jina yangu nakimbia! Dada, ona, jina yangu nakimbia!"

Tulicheka mpaka tukalia. Alipokabidhiwa baiskeli yake, nikamnong'oneza kwamba barabara ya Iyolwa ingeiharibu, afadhali nikae nayo Busia mpaka mvua iishe.

"Sawa, dada," akasema. "Lakini mvua naisha, mimi nakwenda kanisa."

Mvua ikaisha, nami nikawa kiziwi. Watu wa mpakani mnajua, na msiojua niwaambie: mlemavu akivuka na baiskeli yake hasumbuliwi sana na watu wa forodha. Wanamhurumia. Ndiyo maana sisi wafanyabiashara huwapakia mizigo yetu. Nikamtafuta mzee mmoja mlemavu, akawa ananivushia mafuta ya kupikia kwa baiskeli ya Athieno. Kila Athieno alipopiga simu, nilimwambia wiki ijayo.

Tamaa, jamani! Nilianza na madumu mawili, nikafika manane. Siku moja ekseli ikakatika katikati ya malori. Yule mzee walimvuta akapona, namshukuru Mungu. Baiskeli ikakanyagwa, ikabaki vyuma vya kuwauzia wanunuzi wa chakavu.

Mwaka uliofuata dereva akarudi. Lori lao lilikuja limejaa baiskeli mpya, na walemavu wa vijiji vyote vya karibu walikusanyika, wengine wametambaa tangu alfajiri. Utaratibu wao ulikuwa mmoja: kwanza waione ile ya kwanza, wajue kama msaada wao unatunzwa.

Asubuhi hiyo nilimpigia Athieno magoti. Ndiyo, nilipiga magoti mbele ya mtu asiyeweza kusimama! Nikamweleza yote, nikamwomba aseme iko kwa fundi. Nikamwambia watu wakijua ukweli, sokoni nimekwisha.

Mama aliyeongoza msaada akamwuliza mbele ya wote. "Iko kwa fundi," Athieno akajibu.

"Vizuri. Twende kwa fundi tukaione."

Athieno akanitazama. Nami nikatazama chini. Wallahi, kama ningefungua mdomo hata kidogo tu! Sikufungua.

"Mimi nauza," akasema. "Nauza hiyo baiskeli zamani. Mimi mwenyewe."

Yule mama hakumgombeza. Aliandika kitu kwenye karatasi zake, wakafunga lori, wakaondoka na baiskeli zote. Wale waliotambaa walitambaa kurudi kwao, na wengine walimtemea mate dada yangu walipompita.

Hata leo Iyolwa wanamwita mwizi. Kanisani haendi tena, na hakuna anayekubali kumbeba. Nilimnunulia baiskeli nyingine. Hakuipanda. Iko bandani, kuku wanalala juu yake.

"Mimi napanda hii, watu naona, nasema kweli nauza ile, nanunua hii na pesa yake," aliniambia. "Peleka, dada."

Hakunitukana. Laiti angenitukana!

Ndugu zangu, mkishika mali ya mnyonge, hata kwa wema, irudisheni kesho yake. Msingoje mvua iishe. Na mtu akijibebesha dhambi yako mbele ya watu, sema papo hapo. Ukishamwacha aondoke nayo, humfikii tena.

Mtaniuliza kwa nini nisiende Iyolwa nikasimame kanisani niseme. Nimefika mara mbili, nikaishia kwenye geti la kanisa. Nimeona niandike hapa. Na hapa nako nimeficha jina langu, na lake na la kijiji chake nimeyabadilisha, kwa hiyo hata mkisoma nyote, hakuna wa kwao atakayejua kuwa ni yeye, wala kuwa hakuuza.